Vipande Kumi na Sita vya Mwaya

Kitandiko cha viraka kina tabaka tatu. Juu kuna uso, yaani vipande vilivyounganishwa. Katikati kuna moyo, ambao kwangu huwa blanketi kuukuu lililokwisha kulainika. Chini kuna bitana. Tabaka hizo zisiposhikizwa pamoja, moyo huhama. Ukifua mara tatu, blanketi lote limejikusanya pembe moja kama bonge la ugali, na mtoto analalia vitambaa viwili vitupu. Kwa hiyo mwisho wa kazi fundi huchagua namna ya kushikiza: apige mistari kwa cherehani kutoka upande hadi upande, au afuate maumbo ya vipande kwa mkono, au afunge mafundo ya uzi hapa na pale, kila fundo likipenya tabaka zote. Naanza na haya kwa sababu kosa langu liko hapo, katika kuchagua, na asiyejua ushonaji angeweza kudhani ni jambo dogo.

Mimi ni fundi wa sare za shule, Kyela mjini. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua: nilinunua makoti ya mitumba yaliyochanika, nikayafumua mshono mmoja mmoja, nikachora kila kipande kwenye daftari, kisha nikayashona upya. Koti la kwanza lilinichukua wiki tatu, na mkono mmoja ukaangalia nyuma. La kumi lilivaliwa kanisani. Daftari lile ninalo hadi leo, pamoja na mengine kumi na moja yaliyofuata.

Mabaki ya sare siyatupi. Nayapanga kwa rangi katika viroba vya mchele, na msimu wa sare ukipita nashona vitandiko vidogo vya watoto wachanga. Kila kimoja nakiandika: vipimo, aina ya blanketi, idadi ya mistari, na kasoro iliyoonekana kama mwenye nacho amerudi kulalamika. Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja tu la namna ya kushikiza. Mistari iliyonyooka, kila inchi moja, wima na mlalo. Kitandiko cha namna hiyo unaweza kukipiga kwenye jiwe la kufulia na moyo wake usisogee.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu mzazi, ndiye aliyenilea, huko Mwaya, tangu nikiwa na miaka minne. Asubuhi moja ya masika alikuja dukani kwangu kwa bodaboda, akiwa na kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Juu kulikuwa na samaki wawili, mbasa wa kukaushwa, wa kwangu. Chini kulikuwa na vitambaa.

"Mugonile, fundi," alisema, akinisalimu kwa heshima ya utani, kama mteja asiyenijua.

"Karibu, mama. Leo umethubutu kupanda pikipiki?"

"Nimefumba macho tangu Mwaya. Kama kuna mtu kanipungia mkono njiani, sasa hivi anasema nina kiburi."

Alivimwaga vitambaa mezani. Vilikuwa vipande kumi na sita. Havikukatwa kwa mkasi. Vilichanwa kwa mkono. Khanga, vitenge, kimoja cha sare ya kwaya, kingine cha shuka la kujifunga nyumbani lililopauka. Kila kimoja kilikuwa na pande mbili zenye pindo na pande mbili zenye nyuzi zinazoning'inia, maana kila kimoja kilikuwa pembe ya nguo. Hilo nililiona. Nililiona kama fundi anavyoona: nikafikiri pindo hizo zitakuwa nene mno kwenye maungio na itabidi niziondoe.

"Ni kitandiko cha mjukuu," alisema.

Binti yake wa mwisho, mdogo wangu, alikuwa na ujauzito wa miezi minane. Kabla ya huo alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajaota meno. Hatukulitaja hilo pale mezani. Tulizungumza juu ya vipimo.

"Ukifunge kwa mafundo," mama mdogo alisema. "Usikipige mashine."

"Mafundo yanalegea, mama."

"Yalegee."

"Blanketi la ndani litahama."

"Lihame. Huku kwetu kitu kikiloa hakikauki, unajua mwenyewe mvua zetu. Nikifungua mafundo, natoa blanketi naanika peke yake."

"Nitakuwekea blanketi jepesi. Litakauka siku hiyohiyo."

"Funga mafundo, tata."

Tata ni baba kwa Kinyakyusa, na kwetu mama humwita hivyo mtoto wake wa kiume anapotaka asikilizwe. Aliyataja mafundo mara tatu. Mara hizo nimezihesabu baadaye. Siku ile sikuhesabu, nami ni mtu wa kuhesabu. Alipoondoka niliandika katika daftari: "Mteja anataka mafundo. Sababu: kukauka." Na chini yake: "Tatizo litatuliwe kwa blanketi jepesi. Mistari, inchi moja." Mstari huo wa pili nikaupigia mstari kwa rula. Mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka maji ya mafuriko nilimwandika "mteja".

Kazi yenyewe niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana uzuri wake ndio uliodhuru. Kipande kidogo kuliko vyote kilikuwa na upana wa inchi nane na robo, kwa hiyo nilivipunguza vyote vikawa miraba ya inchi nane. Nilikata pindo. Nilikata na kingo zilizochanwa, kwa sababu ukingo uliochanwa hauaminiki. Makato yote niliyatia ndani ya mto ninaoukalia kwenye cherehani, ambao wakati ule ulikuwa umeanza kubonyea. Vipande vinne kwa vinne, nusu inchi ya mshono kila upande, kitandiko cha inchi ishirini na nane. Nikakipiga mistari ishirini na saba wima na ishirini na saba mlalo, na kila inchi ya mstari ina mishono kumi na miwili. Nilipomaliza nilikikunja, nikakivuta pembe kwa pembe, nikakitikisa. Hakuna kilichosogea.

Nilikipeleka Mwaya mwenyewe. Karibu na kanisa nilimkuta mama mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, mtu wa maneno, akipepeta mchele na wenzake wawili. Khanga aliyojifunga ilikuwa nyekundu yenye korosho nyeupe, na pembe yake moja haikuwepo. Palikuwa na pengo la shubiri moja.

"Mama," nilimwambia, "nipe khanga hiyo nikutilie kiraka. Sitaki hata asante."

"Kiraka chake kipo, fundi," alijibu. "Kimetoka kidogo, kinatembea. Kitarudi."

Wenzake walicheka mpaka ungo ukasimama. Nilidhani wananitania tu, kama wanavyomtania mwanaume anayeshika sindano. Lakini siku tatu kabla nilikuwa nimeshona kipande chekundu chenye korosho nyeupe, na kilikuwa ndani ya mfuko wangu wakati ninazungumza naye. Nilikumbuka kipande hicho. Nikajiambia kwamba khanga ya aina moja huuzwa kwa watu wengi.

Mama mdogo alikipokea kitandiko kwa mikono miwili. Alikitazama uso. Alikigeuza, akatazama bitana, akapitisha kidole gumba juu ya mistari, taratibu, kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Mashine yako haichoki," alisema.

"Hakitahama kamwe, mama."

"Naona." Akakikunja, uso ukawa ndani. "Ndaga, tata."

Ndaga ni asante. Nilirudi mjini nikiwa na amani.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Akaota meno mawili, kisha manne. Mdogo wangu alikuwa akinipigia simu kila jino. Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na mashamba yamebaki mabua, akanipigia kuniambia kwamba mtoto ametembea kutoka mlangoni hadi jikoni bila kushikwa. Nilifunga duka, nikaenda kumwona.

Nilimkuta mama mdogo ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Kitandiko kilikuwa mapajani. Mkononi alishika wembe. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimezungushiwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu iliyokauka.

"Unafanya nini, mama?"

"Nasoma barua yako," alisema bila kuinua macho. "Umeandika ndefu."

Alikuwa amefumua miraba miwili na sehemu ya wa tatu. Nilimuuliza ameanza lini. Alisema tangu Jumatatu. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Nilidhani kitandiko kimechafuka na anataka kukifua kwa namna yake. Nikaanza kumweleza kwamba hapakuwa na haja. Alikata uzi mwingine. Nikaenda nyuma ya nyumba, ambako mdogo wangu alikuwa akigeuza kakao juu ya turubai, mtoto akimfuata nyuma na kuokota mbegu moja moja.

"Mama anafumua nini?" nilimuuliza.

Aliendelea kugeuza kakao kwa muda. "Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa kitu."

"Uliambiwa ufunge mafundo, kaka. Hiyo ndiyo sehemu yako uliyoambiwa."

Kisha akanieleza yaliyobaki. Alipopata ujauzito wa tatu, mama yake alizunguka nyumba kumi na sita za wanawake ambao watoto wao wote walikuwa hai. Kila nyumba aliomba pembe ya nguo ambayo mwenye nyumba ameivaa siku hiyo. Mwanamke alichana mwenyewe, kwa mkono, akampa. Mtoto alalie pembe za watu, aonekane wa watu, asiwe na nyumba moja ya kutafutwa na kifo. Siku atakapotembea, kila pembe irudi kwa mwenyewe pamoja na sahani ya mchele mpya, naye aishone mahali ilipotoka. Mpaka siku hiyo nguo haitiwi kiraka kingine. Si jambo linalosemwa kanisani. Wanawake wa upande wa mama wamelifanya tangu zamani na hawalitangazi, na kwa wanaume hawalisemi kabisa, hasa mwanaume anayeandika kila anachoambiwa.

"Angeniambia," nilisema.

"Angekuambia ungeandika." Akanyoosha mgongo. "Na ungemwambia ujauzito una dawa zake, kliniki ipo. Anajua kliniki ipo. Mimi nilikwenda kliniki kila mwezi. Hilo lilikuwa la kwake."

Nilirudi mlangoni. Nilikuwa na kisu changu kidogo cha kufumulia katika mfuko wa shati. Huwa natembea nacho. Nikakaa kando yake, nikashika upande wa pili wa kitandiko. Nilimwonyesha namna yangu: unakata uzi wa chini kila baada ya mishono minne, kisha unavuta uzi wa juu, nao unatoka mzima. Alitazama, akajaribu, ukatoka.

"Kumbe kuna njia," alisema.

"Ndivyo nilivyojifunza kazi, mama. Kwa kufumua."

"Basi ulijua kwamba kitu kilichoshonwa huwa kinafumuliwa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayekubaliana nami. Tulifanya kazi Ijumaa ile na Jumamosi yote. Mistari ishirini na saba mara mbili, kila mmoja inchi ishirini na nane, mishono kumi na miwili kwa inchi: ni zaidi ya mishono elfu kumi na nane. Hesabu hiyo niliifanya kichwani nikiwa navuta nyuzi.

Vipande vilipotoka, uharibifu ulionekana wazi. Kila kimoja kilikuwa na vitundu vidogo kwa safu, wima na mlalo, kila inchi. Kwenye vile vilivyochakaa, wembe ulikuwa umeacha mipasuko. Lakini vitundu havikuwa vibaya kuliko vyote. Kibaya zaidi ni kwamba vipande havikuwa na umbo lake tena. Pembe iliyochanwa ina mpindiko wake, na pengo lililobaki kwenye nguo lina mpindiko uleule. Mimi nilikuwa nimevifanya vyote kuwa miraba.

Jumapili nilirudi mjini, nikafungua mto wa cherehani. Nilimwaga makato yote sakafuni na kuyapanga kwa rangi, jinsi nilivyozoea. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nimeyakalia. Mengi yalikuwa yamesagika. Nilipata kingo za vipande saba, nikazirudisha kwa mkono, kwa mshono bapa, uzi wa rangi ya kila kitambaa. Vile tisa vilibaki miraba.

Mama mdogo alipoviona vile saba alivishika mwangani kwa muda mrefu. "Umehangaika," alisema. Sikupata zaidi ya hilo, na sikustahili zaidi.

Siku ya kurudisha, aliniruhusu nibebe mchele. Mwanaume haingii ndani. Nilisimama uani kila nyumba, kikapu kichwani, na mdogo wangu akaingia na mama yake, mtoto akitangulia kwa miguu yake mwenyewe ili aonekane. Nilisikia yote kupitia dirishani. Wanawake walimshangilia mtoto. Kisha kipande kikafunuliwa. Kisha sauti ya mama mdogo:

"Nimekiharibu. Mnisamehe. Nilishona mwenyewe, macho yangu hayaoni."

Alisema hivyo nyumba ya kwanza. Nilishtuka, nikadhani yamemponyoka. Nyumba ya pili alisema maneno yaleyale. Njiani kati ya nyumba ya tatu na ya nne nilimwambia, "Mama, niache niingie niseme ni mimi."

Hakusimama. "Nimekwisha kusema katika nyumba tatu kwamba ni mimi. Ukisema ni wewe, watajua niliwadanganya huku mtoto amesimama katikati. Vipande umekwisha kuniharibia. Niachie neno langu."

Nikaweka kikapu sawa kichwani. Nyumba ya nne, ya tano, mpaka ya kumi na tano, mwanamke aliyeheshimiwa Mwaya kwa mikeka yake, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuona ukili wake ukipinda, alijiita asiyeona na asiyejua kushona, nami nikiwa uani nimebeba mchele. Wengine walimpa pole. Mmoja alimwambia kwa upole kwamba angempelekea mwanawe fundi kitu kama hicho, mwanawe ana mashine.

Nyumba ya kumi na sita ilikuwa ya yule mama wa karibu na kanisa. Alitupokea nje, hakutuingiza ndani, kwa hiyo safari hii sikuwa na ukuta wa kusimama nyuma yake. Alikuwa amejifunga khanga ileile. Mama mdogo akasema maneno yake. Yule mama alikichukua kipande chekundu, mojawapo ya ile miraba tisa, akakiinua kuelekea jua. Vitundu vilipitisha mwanga, safu kwa safu.

"Macho hayaoni," alisema, "na mistari imenyooka hivi." Akakigeuza. "Mwenzangu, kwa macho haya ungetulimia matuta kijiji kizima."

Mama mdogo alicheka kidogo. Mimi niliteremsha kikapu, nikatazama mchele.

"Fundi," yule mama aliniita, "si wewe uliyetaka kunitilia kiraka?"

"Ni mimi, mama."

"Kilikuwa kinatembea. Umeona, kimerudi. Kimechoka, lakini kimerudi."

Aliniangalia akingoja. Naamini alikuwa ananipa nafasi. Upande mmoja kulikuwa na neno la mama mdogo, upande mwingine kulikuwa na ukweli, na sijui hadi leo kama nilinyamaza kwa ajili yake au kwa ajili yangu mwenyewe. Nilichosema ni, "Pole, mama." Akampokea mdogo wangu sahani ya mchele, akamnyanyua mtoto, akampima uzito kwa mikono na kusema amekuwa jiwe.

Hayo si ya zamani sana. Mama mdogo bado yupo. Wanawake wawili wameacha kumwagiza mikeka, kwa kumhurumia macho. Anayaeleza hayo bila lawama, kama habari za mvua. Nami ninaandika bila jina la mtu kwa sababu hiyohiyo: neno lake bado linasimama Mwaya, na sina haki ya kulifumua.

Siku hizi mtu akileta vipande, nauliza kwanza kama vitarudi. Wengi hunishangaa. Wachache sana hunyamaza kidogo kabla ya kujibu, na hao nawafungia mafundo, uzi wa pamba, ncha zikiwa ndefu za kushikika kwa vidole vya mzee, wala sigusi kingo kwa mkasi. Katika daftari, kwenye nafasi ya sababu, naandika: "Hakusema."

Yule mama wa karibu na kanisa nilimwona tena mwezi uliopita, sokoni Kyela, amekuja kuuza ndizi. Khanga nyekundu ilikuwa kiunoni. Hakukishona kipande. Mraba haukutosha pengo, upande mmoja ulipungua vidole viwili, kwa hiyo alikuwa ameufunga tu juu ya pengo kwa mafundo manne ya uzi mweupe, moja kila kona. Alipoinama kupanga ndizi, upepo uliingia chini yake, mraba ukainuka, ukashikwa na mafundo, ukatulia.

Aliniona ninavyoutazama. "Haujahama," alisema.

Nilimsaidia kushusha mkungu wa mwisho.